Kiporo cha chipsi: namna ya kukihifadhi na kukipasha bila kuumwa tumbo

Wengi wakibakiwa na chipsi huuliza jambo moja tu: nizipasheje zirudi kuwa kavu? Nitalijibu kwa urefu, maana lina majibu mazuri. Lakini kuna swali linalolitangulia, na hilo ndilo linaloamua kama utakula kwa amani au utaumwa: chipsi hizo zilikaa wapi, na kwa muda gani, tangu zilipotoka kwenye mafuta? Ukiweza kulijibu, kupasha ni kazi nyepesi. Ukishindwa, usipashe. Zimwage.

Kwa nini moto wa kupasha hauokoi chakula kilichoharibika

Imani iliyoenea majumbani ni kwamba chakula kikichemshwa tena vizuri, kila kibaya kilichomo kinakufa. Kwa viazi, wali na tambi, imani hiyo ni ya hatari.

Kiazi hukua ardhini, na udongoni humo anaishi bakteria aitwaye Bacillus cereus. Hali ikiwa ngumu, hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na spora hizo huweza kustahimili kuchemshwa. Mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, lakini ndani ya kipande cha kiazi bado kuna maji mengi, kwa hiyo kiini chake hakipiti sana nyuzi 100. Chipsi zikiachwa zipoe polepole, spora zilizobaki hai huamka na bakteria wakaanza kuzaana. Baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo sereulaidi. Sumu hiyo imepimwa maabara kwa nyuzi 121 kwa dakika 90 na haikuharibika. Kikaango chako hakitaiweza, wala oveni, wala maikrowevu.

Mwaka 2008 huko Brussels, Ubelgiji, kijana wa miaka 20 aliyekuwa mwanafunzi alipasha tambi zilizokuwa zimekaa jikoni siku tano bila friji, akala, na akafariki. Madaktari waliochunguza walikuta ni bakteria huyu. Vifo vya namna hiyo ni nadra sana, na wengi wanaopatwa hutapika tu kisha wakapona. Nimelitaja tukio hilo kwa sababu chakula kile kilipashwa moto, na moto haukusaidia kitu.

Yuko pia Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi zetu. Huingia kwenye chipsi pale mikono mingi inapochovya sahani moja, na sumu yake nayo haiondolewi na moto wa jikoni. Kwa hiyo chipsi utakazohifadhi ziwe zile zilizotengwa kabla ya watu kuanza kula, si masalia ya sinia lililokwisha kuguswa na kila mtu.

Hesabu ya saa

Bakteria hawa hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Kanuni inayotumika sana ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae katikati ya nyuzi hizo zaidi ya muda wa saa mbili. Joto la mahali ulipo likipita nyuzi 32, muda huo unashuka hadi saa moja. Kwa mtu wa Nairobi au Iringa, saa mbili ni sawa. Kwa Dar es Salaam, Mombasa, Tanga au Unguja, hasa Januari na Februari, na hasa jikoni ambako jiko limewaka mchana kutwa, jiwekee saa moja na usijadiliane nayo.

Hesabu huanza chipsi zinapotoka kwenye mafuta. Haianzi mnapomaliza kula.

Hapa chipsi za kununua zina shida yake. Kwenye vibanda vingi viazi hukaangwa mapema, hurundikwa ndani ya kabati la vioo, kisha hutumbukizwa tena kwenye mafuta mteja anapoagiza. Maana yake chipsi ulizobeba nyumbani saa mbili usiku huenda zilikaangwa mara ya kwanza saa kumi jioni, na tayari zimeshapashwa mara moja. Huna namna ya kujua zilikaa muda gani. Msimamo wangu ni kwamba chipsi za kabatini ziliwe zote siku hiyohiyo, zikiwa bado za moto. Ukijua mapema kwamba utabakiza, mwombe muuzaji akukaangie mpya kutoka kwenye viazi vibichi. Utasubiri, lakini utakuwa na saa unayoijua.

Na hotpoti je? Hotpoti ni chombo kizuri kwa kazi yake, ila hakiongezi joto, kinachelewesha tu kupoa. Wali uliojazwa mpaka juu hukaa na joto muda mrefu. Chipsi zina nafasi nyingi katikati yake, hupoa upesi, na mvuke wake ukikosa pa kutokea huzilainisha zote. Ukifunua baada ya muda wa saa tatu utakuta zina uvuguvugu, na uvuguvugu ndio hali ambayo bakteria wanaipenda kuliko zote. Usiweke chipsi za kiporo kwenye hotpoti.

Kuzipoza na kuziweka

Mara tu unapoona chipsi ni nyingi kuliko watu, toa sehemu itakayobaki. Usiitie chumvi, usiimwagie tomato, siki wala pilipili, na usiichanganye na kachumbari. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya kiazi na kuyaleta juu. Kachumbari huleta maji yake yenyewe, pamoja na vyote vilivyokuwa kwenye mboga mbichi.

Zitandaze kwenye sinia pana lililotandikwa tishu za jikoni, safu moja, zisilaliane. Usitumie gazeti, maana wino wake huhamia kwenye mafuta. Waya wa kupozea keki ukiwa nao ni bora zaidi, kwa kuwa hewa hupita chini na mafuta yanachuruzika. Weka sinia mahali penye upepo, mbali na jiko, na zifunike kwa chandarua cha chakula, kwani nzi hawana subira. Kwa dakika 20 hadi 30 zitakuwa zimeacha kutoa mvuke. Zikiwa bado na joto kidogo si tatizo. Friji ya kisasa itavumilia. Kilicho kibaya ni kusubiri mpaka asubuhi eti zipoe kabisa.

Kisha zihamishie kwenye chombo kipana kisicho na kina, chenye mfuniko unaobana. Tandika tishu kavu chini na nyingine juu, zinyonye unyevu. Chombo kirefu kilichoshindiliwa hupoa pembeni tu huku katikati kukiwa bado na joto. Mfuko wa nailoni uliofungwa chipsi zikiwa za moto una kasoro hiyohiyo, na juu yake unazigeuza kuwa tope.

Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi, ubandike. Friji ya familia ina watu wengi na kumbukumbu chache.

Friji, friza, na umeme unaokatika

Friji iwe nyuzi 4 au 5, si zaidi. Namba zilizoandikwa kwenye kidhibiti, 1 mpaka 5 au 1 mpaka 7, si nyuzi. Kwa kawaida zinaonyesha nguvu ya ubaridi, na namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Kipimajoto kidogo cha friji kitakuambia ukweli. Weka chipsi rafu ya juu, na nyama mbichi ikae chini yake ili isije ikazidondoshea damu.

Chipsi zilizowekwa kwa wakati hudumu siku tatu, nne kwa mwisho kabisa. Kwa ladha, siku ya pili ndiyo mpaka wangu. Baada ya hapo mafuta yaliyomo huanza kupata harufu nzito, na hakuna namna ya kupasha itakayoiondoa.

Friza huzitunza vizuri kuliko friji, na kuna sababu. Wanga wa kiazi ukishapikwa na kupoa hujipanga upya na kusukuma maji nje, na hilo hutokea kwa kasi zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko kwenye barafu. Ndiyo maana chipsi za friji hukakamaa kama mpira. Ukitaka kugandisha, zitandaze kwanza kwenye sinia ndani ya friza mpaka kila moja iwe ngumu peke yake, ndipo uzitie kwenye mfuko na kutoa hewa. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki nzuri miezi miwili hadi mitatu. Wakati wa kula hupashwa moja kwa moja kutoka kwenye barafu, bila kuziyeyusha.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kama saa nne hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Umeme ukikosekana zaidi ya saa hizo nne, kiporo cha friji kimwagwe, hata kama hakinuki. Sumu niliyoitaja haina harufu wala ladha, kwa hiyo pua haiwezi kuwa hakimu hapa. Ute, harufu ya kuchacha na ukungu ni dalili za kutupa, lakini kutokuwapo kwake si cheti cha usalama.

Kupasha: joto kavu, bila mfuniko

Chipsi ya moto kutoka kwenye mafuta ina ganda kavu nje na kiini laini ndani. Ikipoa, unyevu wa kiini huhamia polepole kwenye ganda. Kazi yako wakati wa kupasha ni kuurudisha ukavu wa ganda kabla kiini hakijakauka. Inatakiwa joto kali, muda mfupi, nafasi kati ya vipande, na njia ya mvuke kutoka. Ukifunika umeharibu.

Pasha kiasi cha mlo mmoja tu na uache kingine ndani ya friji. Kilichopashwa hakirudishwi.

Kikaango ndicho ninachokipenda, kwa sababu kila nyumba inacho na kinafaa jiko la gesi na la mkaa vilevile. Chukua kizito, cha chuma ikiwezekana. Kiweke kwenye moto wa wastani kuelekea mkali, dakika mbili, kikiwa kitupu. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta, au usiongeze kabisa kama chipsi zenyewe zina mafuta ya kutosha. Zipange safu moja na uziache dakika mbili bila kuzigusa. Hapo ndipo ganda hujijenga. Wanaozikoroga tangu mwanzo huishia na vipande vilivyovunjika. Baada ya hapo zigeuze, ziache tena, zigeuze. Dakika tano au sita kwa jumla zinatosha. Chumvi ije mwisho. Kama unatumia mkaa, subiri moshi uishe na makaa yawe mekundu, uyatandaze yasirundikane katikati, na usilete jiko hilo ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua.

Oveni ni nzuri kwa watu wengi. Iwashe nyuzi 200 hadi 220 huku trei ikiwa ndani, ili chipsi ziangukie kwenye bati la moto. Zitandaze, dakika nane hadi kumi na mbili, ukizigeuza mara moja katikati. Zile mashine za kukaangia kwa hewa hufanya kazi hiyo kwa dakika tatu hadi tano kwa nyuzi 190 au 200. Tikisa kikapu chake mara moja au mbili, na usikijaze zaidi ya nusu.

Mafuta mengi hurudisha ukavu kuliko njia zote, lakini yanataka uangalifu. Zikaushe chipsi kwa tishu, maana maji yakikutana na mafuta ya moto huruka na kuunguza. Tumbukiza kipande kimoja kwanza: kikizungukwa na mapovu madogo yanayofululiza, mafuta yako tayari, kikizama kimya, subiri. Weka chache chache, dakika moja hadi mbili, toa, chuja. Zilizotoka kwenye barafu ziingie chache zaidi. Mafuta yakishika moto, zima jiko na funika sufuria kwa mfuniko wa chuma. Usimwage maji, kamwe.

Maikrowevu hupasha maji yaliyomo ndani ya kiazi, ndiyo maana chipsi hutoka zimelegea. Nisingeitumia peke yake. Kwa mwenye haraka, dakika moja ya maikrowevu kisha dakika mbili za kikaango huleta matokeo ya kuridhisha.

Kwa njia yoyote, katikati ya chakula pafike nyuzi 75 hivi. Bila kipimajoto, vunja kipande kinene kuliko vyote: ndani pawe pa moto sana, pafuke mvuke. Uvuguvugu haukubaliki. Na acha zikifika rangi ya dhahabu. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa joto kali hutoa kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo huhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kadiri kiazi kinavyozidi kuwa cha kahawia, ndivyo inavyoongezeka. Ncha zilizoungua zikate.

Zege, masala, na viazi karai

Chipsi mayai, yaani zege, zinataka ukali zaidi kwa sababu ya yai. Ziingie friji ndani ya saa moja, ziliwe kesho yake, basi. Kama yai lilikuwa bado linateleza katikati, usihifadhi kabisa. Wakati wa kupasha, kata zege vipande kama vya keki, viweke kwenye kikaango chenye moto mdogo, na hapa ndipo mfuniko unaruhusiwa: funika dakika tatu ili joto lifike ndani ya yai, kisha funua, ongeza moto, geuza, acha upande wa nje ukauke.

Chipsi masala zimeshalowa rojo la nyanya, na kujaribu kuzikausha ni kupoteza muda. Ziweke siku mbili, uzipashe kwenye sufuria na vijiko viwili vya maji mpaka rojo lichemke, kisha nyunyiza majani mapya ya giligilani. Wako watu wanaozipenda hivyo kuliko siku ya kwanza, na mimi ni mmoja wao.

Viazi karai vya Mombasa ni vinene, vimevikwa unga wa ngano na manjano. Ganda hupata moto mapema huku ndani pakiwa baridi, kwa hiyo vikate katikati kabla ya kupasha. Oveni inavifaa kuliko kikaango. Chatini ya ukwaju ihifadhiwe chombo chake.

Neno moja kuhusu viazi vilivyookwa vikiwa vimefungwa kwenye karatasi ya aluminiamu: fungua karatasi mara vinapotoka motoni. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli, kwa sababu ya viazi vya namna hiyo vilivyoachwa vimefungwa kwenye joto la kawaida na baadaye kutumiwa kwenye vyakula vya kuchovya. Bakteria wa ugonjwa huo hupenda mahali pasipo na hewa.

Nyumba isiyo na friji, na mfuko wa shule

Kama huna friji, hakuna ujanja wa kulaza chipsi hadi asubuhi. Maji ya mtungi hayafikishi ubaridi unaotakiwa, na kuzichemsha kabla ya kulala hakuui spora. Njia iliyopo ni kupunguza kiasi. Menya viazi vya watu waliopo, viazi vitatu vya wastani kwa mtu mzima vikiwa vingi. Vikiwa havitoshi, vibichi vipo na kukaanga ni dakika chache. Zilizobaki apelekewe jirani usiku uleule, zikiwa za moto.

Linalonisumbua kuliko yote ni chipsi za watoto. Mama anakaanga saa kumi na mbili asubuhi, anafunga kwenye kikopo cha plastiki, mtoto anakula saa nne au saa sita. Huo ni muda wa saa nne hadi sita, ndani ya mfuko, juani, pengine chipsi zenyewe zikiwa kiporo cha jana kilichopashwa. Mtoto akirudi anatapika, nyumba nzima inasema ni malaria. Kwa mapumziko ya saa nne, mpe kitu kisichoharibika upesi: mkate, karanga, ndizi, andazi kavu. Akisisitiza chipsi, ziwe mpya za asubuhi hiyo, zisizo na yai, ndani ya chupa ya chakula ya chuma inayotunza joto. Ijaze kwanza maji yanayochemka, uiache dakika kumi, umwage, uikaushe, ndipo utie chipsi za moto. Zitakuwa laini, lakini za moto. Ijaribu chupa hiyo siku moja nyumbani: funga, fungua baada ya muda uleule, uone kama bado zinafuka mvuke. Kama hazifuki, rudi kwenye ndizi.

Mtu akiumwa

Sumu iliyokwisha tengenezwa ndani ya chakula hufanya kazi haraka: kichefuchefu na kutapika ndani ya saa moja hadi sita. Aina nyingine huleta maumivu ya tumbo na kuharisha baada ya saa sita hadi kumi na tano. Mara nyingi hupita ndani ya siku moja. Hatari kubwa ni kuishiwa maji, kwa hiyo mpe ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kidogo kidogo, hata kama anatapika. Isipokuwapo, changanya lita moja ya maji salama na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bapa. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mwenye kinga dhaifu asisubiriwe: apelekwe kituo cha afya mapema. Mwingine yeyote apelekwe akiona damu kwenye choo, akikosa mkojo, akiwa na homa kali, akilegea, au macho yakianza kuwa ya manjano. Mwambie daktari alichokula na kilikaa muda gani, na kama chakula bado kipo, kifunge, usimpe mtu mwingine.